Kitenzi cha Kuwapo katika Lugha za Kigaeli na Hukumu juu ya Kimanksi

Utangulizi

Mnamo mwaka 1932 mtaalamu wa lugha za Kigaeli, T. F. O'Rahilly, alichapisha mjini Dublin kitabu kiitwacho Irish Dialects Past and Present. Kitabu hicho kina sura pia juu ya Kigaeli cha Uskoti na juu ya Kimanksi, lugha ya Kisiwa cha Man kilichoko katika bahari iliyo kati ya Ayalandi na Uingereza. Hapana mwanafunzi wa lugha hizo awezaye kukipita kando kitabu hicho. Hata hivyo, alipofika kwenye Kimanksi mwandishi aliacha kueleza akaanza kuhukumu. Kwa muhtasari, alidai kwamba lugha hiyo haikustahili sana kuishi. Alishikilia kwamba lugha ikijisalimisha kwa misemo ya kigeni, na wasemaji wake wote wakawa watu wa lugha mbili, basi malipo yake ni kifo.

Hukumu hiyo ina madai matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni dai la ukweli wa kisarufi, kwamba Kimanksi kilijisalimisha kwa Kiingereza. La pili ni dai la sababu, kwamba lugha mbili zikikaa kinywani mwa watu wote wa jamii, ile ya asili haina budi kufa. La tatu ni dai la thamani, kwamba yako mambo ambayo kwayo lugha yaweza kustahili au kutostahili uhai. Madai haya yafaa yatenganishwe, kwa sababu kila moja lahitaji ushahidi wa namna yake.

Makala haya yanalipima dai la kwanza kwa kitenzi kimoja tu, kisha yanarudi kwa mengine mawili. Kitenzi chenyewe ni kile cha kuwapo, ambacho Waayalandi hukiandika “tá”, Wagaeli wa Uskoti “tha”, na Wamanksi “ta”. Kimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndicho kitenzi kitumikacho sana kuliko vyote katika lugha hizo tatu. Pili, lugha ikopapo huanza na msamiati, ambao ni kama baraza ya nyumba: mgeni yeyote hukaribishwa hapo. Kitenzi cha kuwapo kiko ndani kabisa. Ikiwa ugeni ulikitawala Kimanksi kama inavyodaiwa, alama zake hazina budi kuonekana hata huko.

Asili na maumbo ya kitenzi

Lugha tatu za Kigaeli ni za tumbo moja. Zilienea kutoka Ayalandi hadi magharibi ya Uskoti na Kisiwa cha Man, na kwa karne nyingi tofauti kati yake zilikuwa ndogo. Kenneth Jackson, katika mhadhara wake wa mwaka 1951 juu ya Kigaeli cha pamoja, aliuweka mwanzo wa mgawanyiko mkubwa baada ya karne ya 10. Hata baada ya usemi wa watu kuachana, washairi wa Ayalandi na wa Uskoti waliendelea kutumia lugha moja ya kifasihi. Na kitabu cha kwanza cha Kigaeli kupigwa chapa, tafsiri ya John Carswell iliyotoka Edinburgh mwaka 1567, kiliandikwa kwa lugha hiyo ya pamoja.

Katika Kiayalandi cha Kale, ambacho Rudolf Thurneysen alikieleza kwa ukamilifu katika sarufi yake ya mwaka 1909, kitenzi hiki kilikuwa “at·tá”. Mzizi wake ni ule ule uliozaa “stare” ya Kilatini, yaani kusimama, ambayo nayo ilizaa “estar” ya Kihispania. Kwa hiyo kuwapo, kwa maana ya asili, kulikuwa ni kusimama mahali. Lakini kitenzi hiki hakikujitosheleza kwa mzizi mmoja. Katika kuuliza na kukana kilichukua umbo “fil”, ambalo asili yake yahusu kuona. Ni kana kwamba msemaji wa zamani alimwambia mwenzake atazame. Katika wakati uliopita na ujao kilichukua mzizi wa tatu, ule unaoonekana pia katika “be” ya Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili hatalistaajabia jambo hilo, kwani naye husema “ni mgonjwa”, “alikuwa mgonjwa” na “aliye mgonjwa” bila kufikiri kwamba maumbo hayo yametoka katika mizizi mbalimbali.

Maumbo ya leo yakipangwa kwa utaratibu wa Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti na Kimanksi, yanakuwa hivi. Wakati uliopo: “tá”, “tha”, “ta”. Kuuliza katika wakati uliopo: “an bhfuil”, “a bheil”, “vel”. Kukana: “níl”, “chan eil”, “cha nel”. Wakati uliopita: “bhí”, “bha”, “va”. Kukana katika wakati uliopita: “ní raibh”, “cha robh”, “cha row”. Wakati ujao: “beidh”, “bidh”, “bee”. Hali ya masharti: “bheadh”, “bhiodh”, “veagh”.

Mambo mawili yaonekana mara moja. Kwanza, mwenye kuisoma orodha hiyo kwa macho hudhani kwamba Kimanksi kimejitenga na wenzake. Mwenye kuisikiliza kwa masikio hupata picha nyingine. “Chan eil” na “cha nel” zakaribiana sana katika usemi. Kilichozitenga ni mahali pa kukata neno na desturi ya kalamu. Tahajia ya Kimanksi ilitengenezwa na makasisi waliozoea kusoma Kiingereza. Kitabu cha kwanza cha Kimanksi kilipigwa chapa mwaka 1707, na Biblia nzima ikakamilika katika miaka ya 1770, yote kwa tahajia ya namna hiyo. Kiayalandi na Kigaeli cha Uskoti, kwa upande wao, vimeshika tahajia yenye kuhifadhi historia, hata pale ambapo sauti zenyewe zimekwisha kunyamaza. O'Rahilly mwenyewe hakuwa mtu wa kudanganywa na herufi. Lakini wengi waliompokea walikuwa tayari kukubali hukumu yake kwa sababu ukurasa wa Kimanksi ulikwisha kuwaonekania kama Kiingereza kilichovurugika. Wale waliopata kuzisoma tenzi za Kiswahili katika hati za Kiarabu wajua jinsi vazi la maandishi linavyoweza kumficha mvaaji.

Pili, Kimanksi kimeshika sawasawa tofauti kati ya umbo huru na umbo tegemezi. Msemaji hawezi kuchukua “ta” na kuongeza neno la kukana mbele yake. Yampasa kubadili kitenzi chenyewe, kutoka “ta” hadi “nel”, kutoka “va” hadi “row”. Kiingereza hakina mpango wa namna hii. Kama kungekuwa na mahali ambapo lugha iliyochoka ingejipunguzia mzigo kwa kumwiga jirani yake, hapa ndipo pangekuwa pepesi zaidi. Kimanksi hakikufanya hivyo.

Kazi za kitenzi

Maumbo peke yake hayatoshi. Lugha yaweza kuhifadhi neno na kupoteza matumizi yake. Na O'Rahilly alizungumza hasa juu ya misemo, yaani namna ya kuyapanga mawazo. Basi yafaa kutazama kazi ambazo kitenzi hiki hufanya.

Lugha za Kigaeli hazina kitenzi cha kumiliki kilicho sawa na kile cha Kiingereza. Mtu hasemi kwamba anashika au anamiliki kitabu, bali kwamba kitabu kipo kwake: “tá leabhar agam” kwa Kiayalandi, “tha leabhar agam” kwa Kigaeli cha Uskoti, “ta lioar aym” kwa Kimanksi. Neno la mwisho katika kila sentensi ni kihusishi kilichoungana na nafsi, mfano wa “kwangu” au “nami”. Kiswahili nacho hakikuunda kitenzi cha kumiliki, bali husema mtu “yu na” kitu. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili mwenye mali ndiye kiima cha sentensi, ilhali kwa Mgaeli kiima ni kitu chenyewe, na mwenyewe hutajwa mwisho kama mahali tu ambapo kitu hicho kimetua.

Mpango huo huo hutawala hisia na maarifa. Njaa haimo ndani ya mtu bali iko juu yake: “tá ocras orm”, “tha an t-acras orm”, “ta accrys orrym”. Ujuzi nao upo kwa mtu kama vile kitabu kilivyo: “tá a fhios agam”, “tha fios agam”, “ta fys aym”, yaani ninajua. Hapa pana sentensi tatu ambazo mtu yeyote wa kisiwani alizitamka kila siku ya maisha yake. Karne nyingi za kukaa jirani na Kiingereza, ambacho hupenda kumweka binadamu mwanzo wa sentensi na kumfanya mtendaji au mwenye sifa, hazikuzing'oa sentensi hizo.

Kazi ya tatu ni kueleza tendo linaloendelea. Kitenzi cha kuwapo hufuatwa na kihusishi “ag”, kisha jina la kitendo. “Tá sé ag obair”, “tha e ag obair”, “t'eh gobbraghey”: anafanya kazi. Katika Kimanksi kihusishi kimemezwa na neno linalofuata kikabaki herufi “g” tu, na mbele ya konsonanti mara nyingi hutoweka kabisa. Lakini mpango ni ule ule. Yafaa pia ikumbukwe kwamba “ag” hii ndiyo ile ile iliyomo katika “agam” na “aym” ya kumiliki. Mtu aliye na kitabu na mtu aliye kazini husemwa kwa kihusishi kimoja. Wako wanaisimu wanaoona kwamba “-na-” ya “anasoma” katika Kiswahili nayo ina asili moja na “na” ya “ana kitabu”. Ikiwa ndivyo, lugha mbili zisizo na udugu wowote zimefuata njia moja, na hilo ni onyo kwa kila anayefanya haraka kuuita mfanano wowote mkopo.

Kazi ya nne ni kueleza tendo lililokwisha. Kigaeli cha Uskoti na Kimanksi hutumia kihusishi kimoja, “air” na “er”: “tha e air tighinn”, “t'eh er jeet”, amekuja. Kiayalandi hutumia kihusishi chenye maana ya “baada ya”: “tá sé tar éis teacht”, amekuja punde hivi. Jambo la kuangaliwa ni kwamba msemo huu wa Kiayalandi umeingia katika Kiingereza kinachosemwa Ayalandi, na huko umetulia hata kwa watu wasiojua Kiayalandi. Mto wa misemo, basi, haukutiririka upande mmoja tu.

Kazi ya tano ni kujibu. Lugha za Kigaeli hazina neno la “ndiyo” wala “siyo”; anayeulizwa hurudisha kitenzi. Ukimwuliza Mmanksi “vel oo skee?”, yaani umechoka, atakujibu “ta” au “cha nel”. Ndivyo Mwayalandi asemavyo “tá” au “níl”, na Mgaeli wa Uskoti “tha” au “chan eil”. Kiswahili kina neno la kukubali, lakini swali la “yupo?” bado hujibiwa “yupo”, na “umekula?” hujibiwa “nimekula”. Mazungumzo ya sokoni na ya jikoni hujengwa kwa majibu kama hayo. Kimanksi, kama wenzake, kiliendelea kujibu kwa kitenzi.

Kitenzi na mwenzake

Kitenzi cha kuwapo hakitawali peke yake. Lugha za Kigaeli zina kishirikishi kingine, “is”, ambacho hueleza mtu au kitu ni nani au ni nini, wakati “tá” hueleza kiko wapi au kiko katika hali gani. Mgawanyo huu wakumbusha ule wa “ni” na “-po, -ko, -mo”, ingawa mlinganisho usivutwe kupita kiasi, maana Kiswahili husema “ni mgonjwa” pale ambapo Kigaeli kingetumia “tá”.

Hapa ndipo mtetezi wa O'Rahilly angeweza kusimama. Katika Kimanksi “is” imepungua sana. Mara nyingi imebaki herufi “s” iliyogandamana na neno lingine, kama katika “s'mie lhiam”, napenda, au “shegin dou”, sina budi. Lakini misemo hiyo ni ile ile ya Kiayalandi, “is maith liom” na “is éigean dom”. Kilichobadilika ni urefu wa neno, si namna ya kufikiri. Katika kusisitiza pia Kimanksi kimetunza mpango wa kale. “She Juan haink” ni sawa na “is é Seán a tháinig” ya Kiayalandi, na sawa katika muundo na “ni Juma aliyekuja” ya Kiswahili.

Zaidi ya hayo, kupungua kwa “is” na kupanuka kwa “tá” si ugonjwa wa Kimanksi peke yake. Katika lugha zote tatu sifa za kawaida, ambazo zamani ziliweza kufuata “is”, sasa hufuata “tá”. Na mtu akitaka kutaja kazi ya mwenzake kwa kutumia kitenzi cha kuwapo, lugha zote tatu humtaka aseme kwamba mtu huyo yumo katika hali hiyo kama mtu alivyo ndani ya nguo zake: “tá sé ina shaighdiúir”, “tha e na shaighdear”, “t'eh ny hidoor”, yeye ni askari, neno kwa neno, yumo katika askari wake. Kwa kuwa kihusishi hapo kimebeba nafsi, konsonanti ya kwanza ya jina hulainishwa: “sidoor” ya Kimanksi huwa “hidoor”. Hii ni sarufi ya Kigaeli iliyo ngumu kuliko nyingi, na Kiingereza hakina kitu cha kuifananisha nayo.

Hukumu yapimwa

Haki yataka iseme yale ambayo O'Rahilly aliyaona kweli. Kimanksi cha karne za mwisho kilikopa maneno mengi. Mpango wa jinsia za majina ulilegea, na ulainishaji wa konsonanti ulianza kuyumba vinywani mwa wasemaji wa mwisho. Juu ya hayo, Kimanksi kilipenda sana kutumia kitenzi cha kufanya, “jannoo”, pamoja na jina la kitendo, hata mtu husema “ren mee fakin”, nilifanya kuona, badala ya kukinyambua kitenzi cha kuona. Mpango huu wafanana na wa Kiingereza. Lakini hata Kiwelshi, ambacho ni cha jamii ya Kikelti ingawa si Kigaeli, hutumia kitenzi cha kufanya kwa namna hiyo; kwa hiyo mfanano na Kiingereza peke yake si ushahidi wa kujisalimisha.

Kuna kasoro kubwa zaidi katika hoja. Umbo la kale la wakati uliopo, ambalo Kiayalandi bado kinalo katika “oibríonn sé”, yeye hufanya kazi, limegeuka kuwa la wakati ujao katika Kigaeli cha Uskoti na katika Kimanksi pia. Kwa sababu hiyo lugha hizo mbili hutegemea kitenzi cha kuwapo kueleza wakati uliopo, na mzigo wa “tha” na “ta” umeongezeka kuliko ule wa “tá”. Tena zote mbili hazina umbo la kuunganisha nafsi na kitenzi kama “táim” ya Kiayalandi. Husema “tha mi” na “ta mee”, kama vile Waayalandi wengi nao wasemavyo “tá mé”. Haya ni mabadiliko yale yale katika lugha mbili. Yakiwa ni mwendo wa kawaida wa historia huko Uskoti, hayawezi kuwa dalili ya kusalimu amri katika Kisiwa cha Man. Kipimo ni kimoja. Kisipotumiwa kwa wote, hakikupima kitu.

Dai la kwanza, basi, halithibitiki. Ushahidi wa kitenzi hiki waonyesha lugha iliyopunguza maneno na kufupisha sauti, lakini iliyoshika mpango wake wa ndani katika kumiliki, kuhisi, kujua, kukana na kujibu.

Dai la pili ni dhaifu zaidi. Leo karibu watu wazima wote wasemao Kiayalandi na Kigaeli cha Uskoti husema Kiingereza pia. Kama kujua lugha mbili ni hukumu ya kifo, basi hukumu hiyo ilikwisha kutolewa juu ya lugha zote tatu, na O'Rahilly hakuwa na haki ya kuitenga moja. Na kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki sheria hiyo ni ya ajabu mno, kwani huku mtu wa lugha moja tu ndiye adimu. Mtu huongea lugha ya mama nyumbani, Kiswahili njiani na Kiingereza ofisini, na hakuna awezaye kuonyesha kwamba Kiswahili kimedhoofika kwa kuwa wasemaji wake wana lugha nyingine.

Kilichokiua Kimanksi kama lugha ya nyumbani kimo katika historia ya watu, si katika sarufi. Mwaka 1765 Taji la Uingereza lilinunua haki za utawala wa kisiwa kutoka kwa ukoo wa Atholl, ili kukomesha biashara ya magendo, na uchumi wa kisiwa ukatikisika. Wenyeji wengi walihama, na katika karne ya 19 wageni wasemao Kiingereza waliongezeka, kwanza kama wakazi na baadaye kama watalii. Shule zilifundisha kwa Kiingereza. Wazazi, walipoona kwamba Kimanksi hakiwapatii watoto kazi, waliacha kuwasemesha kwacho. Hapana hata moja kati ya sababu hizo inayotokana na “jannoo” wala na kufupishwa kwa “is”. Mwenye kutafuta chanzo cha kifo katika kitenzi anamlaumu maiti kwa jeraha alilopigwa.

Dai la tatu, la kustahili, si la kisayansi hata kidogo, na kwa sababu hiyo ndilo la hatari zaidi. Kiswahili nacho kilipata kuhukumiwa hivyo. Walikuwako walioona maneno ya Kiarabu yaliyojaa ndani yake wakasema si lugha kamili bali ni mchanganyiko usio na kwao. Jibu halikutoka katika orodha ya maneno bali katika kitenzi, kwa maana kitenzi cha Kiswahili, pamoja na viambishi vyake vya nafsi, vya wakati na vya mtendwa, ni cha Kibantu mwanzo hadi mwisho, hata pale ambapo mzizi wenyewe umekopwa, kama katika “wanafikiriana”. Njia iliyoutetea Ubantu wa Kiswahili ndiyo hiyo hiyo inayoutetea Ugaeli wa Kimanksi.

Hitimisho

O'Rahilly alibaki kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa Kigaeli, na katika miaka ya 1940 aliiongoza Shule ya Taaluma za Kikelti katika Taasisi ya Dublin ya Masomo ya Juu. Lakini historia haikuingoja ruhusa yake. Baada ya Éamon de Valera kukizuru kisiwa mwaka 1947, Tume ya Ngano ya Ayalandi ilipeleka huko mitambo ya kunasa sauti mwaka 1948, ikarekodi wazee waliobaki. Ned Maddrell, ambaye huhesabiwa kuwa msemaji wa mwisho aliyelelewa kwa Kimanksi, alifariki Desemba 1974. Mwaka 2001 ilifunguliwa shule ya msingi, Bunscoill Ghaelgagh, ambayo masomo yake hufundishwa kwa Kimanksi. Na mwaka 2009, UNESCO ilipokiorodhesha Kimanksi miongoni mwa lugha zilizokufa, wanafunzi wa shule hiyo waliandika barua kwa lugha yao wakiuliza ni lugha gani basi waliyoiandikia. Orodha ikarekebishwa.

Kazi inayobaki kwa wanaisimu ni kutenga mambo matatu ambayo kitabu cha mwaka 1932 kiliyaunganisha: namna lugha inavyobadilika, sababu za watu kuiacha, na thamani yake. La kwanza huchunguzwa katika sarufi, la pili katika historia na uchumi. La tatu halimo katika madaraka ya mwanaisimu. Mwalimu akimwuliza mtoto wa Bunscoill Ghaelgagh kama amechoka, na mtoto akajibu “ta”, jibu hilo limetumia umbo na mpango ule ule utumiwao na watoto wa Ayalandi na wa Uskoti, na mwenye kuchunguza lugha hana budi kuliandika kama alivyolisikia.